Shavu la Kushoto la Nyambura

Jumamosi, Ruiru. Baridi ya Julai. Jua halijaonekana tangu juzi.

Nyambura amenilazia shavu shingoni sasa hivi. Lile la kushoto, kama kila siku. Ana miezi kumi na moja, na hiyo ndiyo njia yake ya kusema amechoka. Nikaweka leso katikati yetu. Akaivuta. Nikairudisha. Akalia kama mtu aliyefungiwa mlango, hadi mama mkwe akaja jikoni akamchukua.

Mimi ndiye niliyefunga.

Acha niandike chai ikichemka, maana hii sijaambia mtu. Baada ya kujifungua shingo yangu ilibaki nyeusi kama nimevaa kola. Wanasema hutoka yenyewe. Sikungoja. Nilianza na zile dawa za kwenye simu, limau na baking powder, halafu dawa ya meno. Iliniwasha hadi machozi. Ndipo msusi wangu wa Thika, Mama Preshi, akanichanganyia krimu. Anakoroga na mwiko kwenye ndoo iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, anakupimia kwa mkebe usio na jina. "Wiki mbili tu, bwanako atauliza kama amebadilishiwa bibi."

Na kweli nilitakata. Ila vifundo vya vidole vilikataa, vikabaki vyeusi, na mishipa ya kifuani ikaanza kuonekana kama mistari ya biro. Majirani wakanisifu. Nilipenda kusifiwa, siwezi kudanganya.

Doa jeupe shavuni mwa Nyambura nililiona Jumatatu nikimwogesha. Nilidhani ni povu. Nikasuuza. Nikasuuza tena.

Linaanza chini ya jicho, linafika karibu na mdomo. Pale pale anapolalia.

Nikaenda kwa chemist na mkebe. Dada wa hapo aliufungua, akanusa, akaufunga haraka.

"Hii haina jina. Unampaka mtoto?"

"Sijawahi. Ni yangu."

"Unambeba?"

"Ee."

"Basi unampaka."

Akasema niache leo leo, na mtoto nimpeleke hospitali pamoja na huo mkebe. Nikamuuliza kama rangi yake itarudi. Akauliza mtoto ana miezi mingapi. Nikamwambia. Akageuka, akaanza kupanga dawa.

Kliniki ya ngozi ni Jumatatu ijayo. Tangu niache, shingo inawaka, na nikinawa nasikia ile harufu bado. Mtoto wangu akininyooshea mikono, narudi nyuma.

Na leo mama mkwe amekuja kutoka Murera na mkungu wa ndizi. Nyambura ni jina lake yeye. Kwetu msichana wa kwanza huitwa mama ya babake. Mtoto alipozaliwa, mama mkwe alimfunua uso akaangalia weeee, akacheka. "Huyu ni mimi. Hata weusi ni wangu, hakuna wa kuuliza." Humwita wakini, ati ni rika moja.

Asubuhi nilimvalisha kofia ya sufu, nikaishusha mpaka mashavuni. Na hii baridi, nani atashangaa?

Najiambia ngozi ya mtoto ni changa, itajirudia kama nyasi baada ya mvua. Naamini. Lazima niamini. Lakini mkebe nimeuficha nyuma ya gunia la makaa tangu Jumatatu, na mtu anayeamini hafichi.

Mama mkwe alikuwa anamwimbia huko sebuleni. Sasa haimbi.

Nasikia pazia likivutwa.

"Mama Nyambura, hebu kuja hapa kwa mwanga." Hana hasira, anauliza tu, na hiyo ndiyo inaniogopesha.

Nimetoa mkebe nyuma ya makaa. Nitaenda nao mkononi kabla hajauliza, nimwambie kila kitu kuanzia ile kola, kwamba sikumpaka lakini nilimbeba, na kwamba Jumatatu naomba twende na yeye kwa sababu peke yangu si—

Ananiita tena. Nakwenda.