Jina Kwenye Paji la Basi

Februari 3

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yamekuachia kidogo. Mimi nasukuma siku. Asubuhi kifua kinanibana, kikishapata moto wa kazi kinanyamaza. Msalimie Dada. Mwambie blanketi lake bado nalitumia, ingawa siku hizi unaweza kusoma gazeti lililo upande wa pili.

Wamenihamisha. Sasa niko kwenye yadi ya kukata mabasi yaliyochoka. Yanaingia yakivutwa, tunatoa vioo, tunang'oa viti, halafu wenye mitungi ya gesi wanayapasua kwa moto. Mimi nakata kwa gesi na viti pia nang'oa. Juzi msimamizi alinikuta nimekaa kwenye kiti kimojawapo, nakipima upana kwa kiganja. Akasema, "We fundi, unasafiri kwenda wapi?" Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa nalinganisha na viti vya mabasi yetu. Vya huku ni vyembamba, Baba. Marehemu Mama asingeenea.

Chumbani tunalala vitanda vya kupandana, na kila mtu ana cha kwao cha kujisifia. Mmoja kwao wana ng'ombe, mwingine mjomba wake aliwahi kuwa meneja. Nikaona na mimi niseme. Nikasema kwetu tuna mabasi. Wakauliza yanaitwaje. Nikasema Hata Wewe. Jamaa wa kitanda cha juu yangu alicheka mpaka mbao zikalia. "Hilo ni jina la basi au unamsuta abiria?"

Hata mimi sijui, Baba. Nimezaliwa nikalikuta kwenye paji la kila basi, na kila nikikuuliza ulikuwa unaniagiza spana. Sasa niko mbali, huna spana ya kuniagiza. Niandikie. Yalianzaje?

Ni mimi mwanao.


Machi 1

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa imechanika pembeni lakini maneno yote yamo. Mimi sijambo, ni magoti tu hayaambiliki. Dada yako yuko kwenye usukani tangu alfajiri. Anakusalimu, na anasema blanketi hakukupa, ulilibeba.

Umeuliza, nakujibu. Lilianza kama lori bovu. Baba yako mdogo, Mungu amrehemu, alilikuta nyuma ya kiwanda cha mbao, kuku wanatagia ndani. Akaifufua injini kwa vyuma vya kuokota, akapigilia mabenchi, akafunga turubai, akaingia barabarani. Mimi wakati huo sikuwepo, nilikuwa kazini mbali kama wewe. Mabasi makubwa yalikuwa yanawapita watu vituoni: wenye magunia, wenye watoto wengi, wagonjwa wasioweza kupanda haraka. Yeye akawa anawaokota hao. Nauli yake ilikuwa ndogo mpaka watu wakadhani lori ni la wizi.

Niliporudi ndipo jina lilipopatikana. Kazi yangu ikawa kulivua turubai na kulivisha bodi. Viti nilivipima kwa mama yako. Nilimkalisha juu ya sanduku, dada yako mapajani, kapu ubavuni, nikakata fito kwa upana ule. Akaniambia, "Mume wangu, unanipima kama wa jeneza." Nikamwambia jeneza halina dirisha. Fito ile ndiyo iliyopima kila kiti cha kila basi letu. Walikuja watu wenye akili zao wakanishauri nipunguze upana, kila mstari upate abiria mmoja zaidi. Nikawauliza, nani kati yenu atakuwa wa kwanza kukaa tako moja mpaka mwisho wa safari? Wakaaga.

Tulifika mahali ukisimama njia panda unaona Hata Wewe mbili zinapishana, madereva wanapigiana honi kama watoto. Kisha wakaja wenye mabasi ya vioo vyeusi. Walishusha nauli chini ya yetu mpaka tukayumba, halafu wakaipandisha. Baba yako mdogo akatutoka. Kila basi lililokufa nililikata bati la jina, nikalitundika kwenye ukuta wa karakana. Ukuta umejaa, mwanangu, na barabarani limebaki moja. Lile uliloliwekea mlango kabla hujaondoka, ule unaofunguliwa na kufungwa kwa teke.

Hao wa vioo vyeusi wanataka kuchukua njia, basi na jina. Wao wanasubiri jibu langu, na mimi nakusubiri wewe. Ukirudi, tunaunda jingine. Usiporudi, sina mikono ya kuunda peke yangu.

Habari ya jina siiandiki. Njoo nikuambie.

Baba yako.


Aprili 19

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuombea nafuu. Mimi nikisema mzima nitakuwa nakudanganya. Wameniondoa kwenye gesi, nimepewa ufagio. Daktari wa yadi aliweka sikio mgongoni, akanitazama usoni, akaandika. Msimamizi, ambaye si mtu mbaya, aliniambia, "Fundi, mapafu yako yameshakunywa moshi wa rangi ya mabasi mengi mno." Mkataba ukiisha hawataniongeza.

Nimesoma barua yako mpaka mikunjo imechanika. Niliwasomea wenzangu ile ya jeneza halina dirisha. Yule wa kitanda cha juu hakucheka safari hii. Alisema, "Huyo mama alipata mume."

Baba, waachie. Wape njia, wape basi, wape na jina. Usinisubiri.

Nitarudi na nini? Nilipoondoka mtaa mzima ulinisindikiza. Yule jirani yetu fundi seremala alisema nitarudi nikiendesha gari langu. Mama alipofariki nilituma rambirambi badala ya kutuma mwili wangu, kwa sababu ningeondoka ningepoteza kazi. Kazi yenyewe ndiyo hii, ufagio. Sasa nishuke kituoni mikono mitupu, kifua kinapiga filimbi, nipite mbele za watu, nifike kwenye kaburi lake niseme nimekuja? Hata kuunda basi siwezi tena. Ningekuja kuwa mzigo wa Dada.

Heri waseme yuko mbali. Mbali ni neno zuri. Linaficha mengi.

Mwanao.


Juni 30

Mwanangu,

Marahaba. Dada yako hajambo. Mimi nilikuwa nimelala kwa muda, sasa nakaa. Ndiyo sababu ya kimya. Sababu nyingine ni kwamba barua yako ilinikalia kifuani.

Nilisema habari ya jina siiandiki. Naiandika.

Nilipokuwa mbali nilikuwa nachimba mtaro wa mabomba. Mtaro uliporomoka, nikavunjika nyonga, kazi ikaniacha. Nilirudi kwa miguu na kwa kudandia. Nilifika kituoni sina begi, sina hata viatu vinavyofanana. Nikaliona lori la mdogo wangu limejaa watu wa mtaani kwetu. Nikajificha nyuma ya kibanda cha muuza magazeti. Niliazimia likiondoka nigeuke nirudi nilikotoka, nife huko nikiitwa yuko mbali. Unaona, neno hilo si wewe uliyeligundua.

Mdogo wangu akashuka, akaja moja kwa moja kibandani. Hakunisalimu. Akasema, "Panda."

Nikamwambia, "Sina kitu."

Akasema, "Hili ni gari la wasio na kitu. Hata wewe."

Watu wakasogea, nikakaa. Kesho yake akachukua brashi akayaandika maneno hayo mbele ya lori. Mimi nilinuna wiki nzima. Watu walidhani ni utani kwa abiria. Mama yako pekee ndiye aliyejua.

Njia nimeshawapa. Basi watalichukua. Jina nimewakatalia. Bati nitalikata kwa mkono wangu, ingawa ukutani sijui nitalitundika wapi.

Safari ya mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya Agosti, kutoka kituo kikuu kuja nyumbani. Dada yako anaendesha. Mimi nitakaa dirishani, kiti kinachofuata baada ya mlango. Cha pembeni yangu hakikatiwi tiketi.

Baba yako.


Agosti, Ijumaa, kituo kikuu

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia goti likiwa ndiyo meza.

Wenzangu wa chumbani walinichangia nauli. Yule wa kitanda cha juu alinipa na koti lake. Nimefika tangu asubuhi. Basi nimeliona likiingia, Dada akaupiga mlango teke. Nimekuona dirishani. Umepungua, Baba. Kofia imekuwa kubwa.

Niko nyuma ya kibanda cha magazeti. Sijui kama ndicho kile. Nimejaribu kuvuka mara kadhaa. Fundi seremala yumo, majirani wamo, wote wamekuja kuliaga basi, na mimi kifua changu kinasikika kabla sijafungua mdomo.

Nampa muuza magazeti akuletee barua hii. Ukisoma ukanyamaza, nitaelewa. Dada akiwasha injini nitaelewa pia.

Sina kitu, Baba.

Mwanao.


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa penseli)

Mwanangu,

Marahaba. Nimekuona tangu ulipojaribu kuvuka mara ya kwanza. Unatembea kama marehemu mama yako, mguu mmoja unauliza, mwingine unajibu. Nilitaka nije mwenyewe, magoti yamekataa. Dada yako hawashi injini, kasema haondoki bila wewe, na seremala anakushikia mlango.

Kiti kina upana wa kutosha.

Panda. Hata wewe.

Baba yako.