Nimeshuhudia Kanisani Kwamba Jicho Limepona

Mpendwa Shangazi Brigid, naomba unisaidie kwa maana nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Nahudumia wazee majumbani hapa Saltley, kutwa naendesha gari, na miwani nimevaa tangu darasa la tatu kwa kuwa mbali sioni kabisa. Mwezi wa pili mpimaji macho wangu, Kuldip, aliona tone la damu kwenye mshipa unaopeleka picha ubongoni, akanituma hospitali nichunguzwe glakoma, ugonjwa unaoua mshipa huo, mara nyingi kwa presha ya jicho kupanda, nikamuuliza presha ya jicho ikoje, akasema ya kawaida, basi nikaona ananitisha bure, nikaomba hospitali waahirishe tarehe, nikaliambia kundi la maombi, tukafunga siku tatu, na niliporudi kwake baada ya miezi miwili damu haikuwepo! Jumapili nikashuhudia kwamba nimepona, vigelegele vikapigwa. Lakini Kuldip ameshikilia niende, na miadi ni Alhamisi hii. Nikienda nitaonekana mwongo, nisipoenda naogopa, maana wiki jana nilikaribia kumgonga mtu wa baiskeli upande wa kushoto, sikumwona. Nifanye nini?
Kemunto

Kemunto mwanangu, pole. Mungu hukumdanganya, ulimtangulia tu. Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari wa macho. Damu ile hukauka yenyewe, na kukauka si kupona. Ni dalili kwamba mshipa huenda unaharibika. Glakoma ya presha ya kawaida ipo, na macho yasiyoona mbali, kama yako, yamo hatarini zaidi. Tena waulize unene wa kioo cha mbele cha jicho, kwa sababu kikiwa chembamba kipimo husoma presha chini ya ilivyo. Uwezo wa kuona uliopotea haurudi, ila uliobaki unaweza kulindwa.

Na bado unaendesha? Hapo umeniudhi! Hao wazee wakitaka chai nani atawapikia ukiwa jela? Weka funguo chini leo, mwambie msimamizi wako ukweli, kisha piga simu hospitali uwaeleze habari ya baiskeli, pengine watakuona mapema.

Siku ya miadi watakutia matone yanayofifisha macho, kwa hiyo utahitaji wa kukurudisha. Mwombe mwenyekiti wa kundi lenu la maombi. Aliyefunga siku tatu kwa ajili yako hashindwi na safari ya hospitali huko Edgbaston. Halafu Jumapili simama tena, useme alichokuambia daktari, kiwe kitamu au kichungu.

Ukiona haya kumpigia mwenyekiti, nitumie namba yake. Nitampigia mimi.