Kipimo cha Mutindi

Soko la Ekalakala,
Machakos.
19 Agosti 2001

Mpendwa dada Wavinya,

Hujambo, na shemeji naye hajambo? Mahindi ya Kitale yamefikia wapi? Sisi huku ni vumbi na baridi tu, lakini tunapumua. Kimeu alipotoka kwenu alisema umenona, kwa hivyo lile rinda uliloagiza sijalikata. Nitumie kipimo kipya, na usidanganye.

Mutindi wetu alipasuliwa mgongo mwezi uliopita, Nairobi. Daktari alitueleza kwamba pingili moja ya uti ilizaliwa nusu, na kadiri msichana alivyorefuka ndivyo zile za juu yake zilivyozidi kulalia upande huo. Waliitoa, wakazifunga za jirani kwa vyuma. Mgongo umenyooka. Lakini aliamka mguu wa kushoto hausikii kitu, kutoka goti kwenda chini. Tukaambiwa tungoje: huenda fahamu zitarudi, huenda hazitarudi.

Uliniuliza mimi niko vipi. Dada, wanijua. Mimi ndiye niliyelia kwenye harusi yako mpaka watu wakadhani mahari haijalipwa. Safari hii hata chozi moja hakuna. Ni kama kidole ndani ya kastabini: sindano inagusa, unajua imegusa, basi. Nashona, nakula, nalala. Mke wangu Wanza siku hizi ananiita cherehani.

Jana Mutindi alidai sare ya kufungulia shule. Unakumbuka nguo zake zote nilizikata upande mmoja mrefu, ili zikivaliwa pindo lionekane sawa. Sasa zimekwenda mrama kabisa. Akasimama ameshikilia meza, akajitazama, akasema, "Baba, kwani hii ulishona ukisinzia?"

Nikampima kushoto, nikampima kulia. Sawasawa, mara ya kwanza tangu azaliwe. Nikangoja furaha, haikuja. Nikapiga magoti nipime pindo, nikashika kifundo cha mguu wake wa kushoto nisianguke. Magoti yangu unayajua.

"Woi, Baba! Mkono wako ni baridi!"

Sikuuondoa. Wanza alitoka jikoni akatukuta vilevile, akaniuliza nimepoteza nini hapo chini. Mutindi ndiye aliyemwambia.

Msalimie shemeji, na Ngina mwambie mjomba anamkumbuka. Mungu awafunike huko kwenye mvua zenu.

Ni mimi nduguyo akupendaye, ambaye bado anangoja kipimo chako,

Masila