Nilivyomsemea Bi Pasi

Dada yangu mpendwa,

Mwalimu wetu wa Kiingereza alisema jana jioni, mbele ya darasa zima, kwamba nihame dawati la nyuma nikakae mbele na wale walioanza wiki hii, kwa kuwa bado sijui nomino ni nini. Hiyo ndiyo habari mpya kuliko zote nilizo nazo. Nimeitanguliza hata kabla ya salamu ili nisipate nafasi ya kuiruka.

Sasa shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na shemeji ameacha kupanda ngazi za paa kama kijana. Huku sisi hatujambo. Mke wangu anakohoa kidogo kwa vumbi la barabara inayochimbwa mbele ya nyumba, ila si cha kutisha. Binti yetu ameng'oka jino la mbele na hataki kufunga mdomo mpaka kila mgeni alione pengo.

Najua unajiuliza natafuta nini katika darasa la wanaoanza Kiingereza, wakati wewe ndiye uliyewatangazia ndugu zetu wote kwamba mdogo wako anazungumza na mabosi kwa lugha yao. Hukusema uongo. Ulisema nilichokuambia mimi.

Mambo yalianza hivi. Meneja wetu mpya alitoka ng'ambo na hajui Kiswahili. Siku aliyofika kiwandani mimi, msimamizi wa zamu, nilimsalimu kwa sentensi tatu nilizokariri redioni. Akacheka, akanishika mkono mbele ya zamu nzima. Tangu siku hiyo kina mama wa chumba cha pasi wakanibandika jina la Kamusi, nami sikulikataa. Nikawa natembea na gazeti la Kiingereza kwapani. Wakati wa chai nilikuwa nalifungua kwenye michezo, maana picha za michezo zinajieleza. Meneja akinisemesha, nasema “yes”. Akikunja uso, nasema “no problem”. Kazi ya kufua mashuka ya hospitali na hoteli haina siri nyingi. Mtu akinyoosha kidole kwenye lundo, unajua anataka nini. Nilikwenda hivyo miezi kadhaa bila kukwama.

Darasa linafundishwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, katika shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda. Madawati ni ya watoto, magoti yetu yanagota chini ya mbao. Nilikwenda nikitaka kujifunza kimyakimya, nisionekane na mtu. Kufungua mlango, nikakuta nusu ya chumba cha pasi imekaa humo, na dirishani yuko shoga yako Bi Pasi.

Unajua kwamba aliachishwa kazi mwezi uliopita kwa ajili ya yale mashuka ya hospitali yaliyoungua. Usilolijua ni kwamba ameomba kesi yake isikilizwe upya, na kwamba anajifunza Kiingereza ili siku hiyo ajisemee mwenyewe. Akikubaliwa, anarudi kwenye mashine yake. Akikataliwa, hakuna kiwanda kingine cha kufua kitakachomchukua, kwa kuwa wote huulizana.

Kina mama waliponiona waliniuliza kama Kamusi amekuja kuwakagua. Nikasema nimekuja kumsaidia mwalimu. Nikapita nyuma, nikakaa.

Mwalimu huyu hafundishi kwa kitabu. Anamtaka kila mtu aje na kitu cha kazini kwake, akiweke mezani, akitaje. Hilo jina, anasema, ndiyo nomino. Halafu mtu aseme anakifanyia nini, hicho ni kitenzi. Kikoje, hicho ni kivumishi. Anafanyaje, hicho ni kielezi. Mlinzi wa duka la vipuri alikuja na tochi. Alipoulizwa kitenzi cha kazi yake akasema ni kulala. Kina mama wakasema afadhali amepatikana mlinzi mkweli, na tajiri wake aitwe asikie. Mwalimu akaandika kitenzi hicho ubaoni, akasema ni sahihi kabisa, ila asikitumie kazini.

Bi Pasi hakuwa mwepesi. Alichanganya kivumishi na kielezi, akafuta kwa kiganja, akaandika tena, akachanganya tena. Wenzake walimtania kwamba chaki itaisha kabla hajapata kazi. Akawajibu kwamba wao waendelee tu kucheka, yeye ana mtu wa kwenda kuongea naye.

Jana mwalimu alitaka kila mmoja asimulie jambo moja lililompata kazini, kwanza kwa Kiswahili, kisha tuyapange maneno yake katika makundi na kuyavusha kwenda Kiingereza. Zamu ya Bi Pasi ilipofika akasimama, mkono wa kulia bado umefungwa bendeji. Akasema swichi ya joto ya mashine yake ilikuwa imeharibika, alimwambia fundi, fundi akamwambia aendelee tu, ataipitia. Akamwambia tena siku iliyofuata, fundi akamuuliza kama yeye ndiye amesomea mitambo. Asubuhi ile alisikia harufu ya kuungua, akazima, lakini rola zilikuwa zimeshashika mashuka, na moshi unatoka. Akaingiza mkono kuyavuta yasije yakawasha chumba kizima. Mkono ukaungua. Mashuka yakaharibika, chumba kikapona.

Mwalimu akauliza kama meneja aliyaelezwa haya. Bi Pasi akasema alimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa mdomo wa Kamusi, huyu hapa nyuma.

Mwalimu akafurahi. Akasema basi kazi imekuwa rahisi, Kiingereza chake tayari kipo. Kamusi aje ubaoni atupe kama alivyompa meneja, nasi tutayagawa maneno.

Nilikwenda. Nikashika chaki, nikaandika “sorry”. Mwalimu akasubiri. Akaniambia hilo linafaa kwa kufungulia, sasa tuletee nomino. Sikuwa nayo. Akasema hata moja, hata mkono. Mlinzi akaona nimekwama, akawasha tochi yake akaielekeza ubaoni, watu wakaangua kicheko. Mama mmoja wa zamu ya mchana akasema kumbe Kamusi hii ni jalada tu, ndani haina kurasa. Hapo ndipo mwalimu aliponihamishia dawati la mbele. Hakusema kwa ukali, na afadhali angekuwa mkali.

Bi Pasi hakucheka. Alinitazama kama anavyotazama shuka analolitafutia doa.

Alinisubiri nje, penye bomba la maji. Akaniuliza siku ile nilimwambia nini yule bwana. Nikamweleza, dada, na sasa nakueleza wewe. Kwenye kikao kile alizungumza muda mrefu, mkono mbichi unamuuma, na kila alipotua alinitazama nipokee. Nilimwelewa neno kwa neno. Sikuwa na Kiingereza cha hata kipande kimoja cha maneno yake. Palikuwa na nafasi ya kusema siwezi, aitwe mwingine. Karani wa ofisi ya mbele anakijua vizuri na alikuwa mlango wa pili. Sikusema. Nilisema “She is sorry”, yaani anaomba radhi. Meneja akauliza kitu. Nikasema “yes”. Akauliza tena, safari hii polepole, akimwonyesha Bi Pasi kwa kalamu. Nikasema “yes” tena. Mpaka leo sijui aliuliza nini. Akaandika, akafunga faili, na Bi Pasi akanishukuru kwa kumsemea.

Nilipomaliza, aliinama akafunga bomba, maana ndoo ya mtu ilikuwa imejaa inamwagika. Kisha akasema mwezi mzima amekuwa akijiuliza ni kipi alichosahau kumwambia yule bwana, maana alidhani alisikilizwa na maneno yake hayakutosha. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama angalau nalijua jina la swichi kwa Kiingereza. Nikasema ni swichi hiyohiyo. Akasema basi moja tunayo, akaenda zake.

Kuna lingine ambalo hakuniuliza, na halijui. Dada, mimi ndiye niliyekuandikia kwamba Bi Pasi alikiri kosa mbele ya meneja kwa mdomo wake, na kwamba alikuwa mzembe, na kwamba nilijitahidi kumwombea. Hakukiri. Sikumwombea. Nilitaka ulisikie kwanza kutoka kwangu, kabla hajakueleza yeye mambo yalivyokuwa, ukaanza kuniuliza. Nami najua ulimpigia simu kwa ajili ya maneno yangu, ukamwambia asikutaje tena penye watu, maana wewe ndiye uliyemtafutia kazi ile kupitia kwangu. Yeye anaamini uliambiwa na ofisi. Amekulinda hata hivyo: kina mama walipouliza mbona huji tena kumwona, aliwaambia una mgonjwa nyumbani.

Naona haya kuliandika, na nimeona haya zaidi kulibeba. Mke wangu nilimwambia usiku wa jana. Akaniuliza barua hii itatumwa au itakaa mezani, nikasema anisimamie mpaka niifunge.

Leo asubuhi kabla ya zamu nilikwenda kwa katibu wa chama cha wafanyakazi, nikamweleza yote. Alisikiliza huku anafunga kamba za viatu. Akasema kesi ya Bi Pasi itakaposikilizwa nitaingia kwanza mimi, niseme nilichofanya, kwa Kiswahili na si kwa lugha nyingine yoyote, na mwalimu, aliyempigia simu palepale, amekubali kuja kutafsiri. Nikishamaliza mimi, Bi Pasi atasema sehemu yake kwa Kiingereza kadiri atakavyoweza, na atakaposhindwa mwalimu atamsaidia. Nilimuuliza mimi itakuwaje. Akasema usimamizi wa zamu niuhesabu umekwisha; kama nitabaki kukunja taulo au nitatoka getini, hilo analijua meneja.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto, na umwambie mama mdogo kwamba ile dawa ya macho nimeiulizia na ipo. Usiwaambie watu kwamba nazungumza Kiingereza. Jumanne narudi darasani, dawati la mbele. Mimi nikemee utakavyo, nitajibu kila utakaloniuliza. Ila Bi Pasi ana simu ileile, na kikao chake ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Ukiona vyema, mpigie Jumapili.

Ni mimi mdogo wako.