Vifaranga Saba na Sura ya Mwisho

Nekesa, wananipasua jicho Jumatatu! La kulia. Na daktari anasema sitapewa dawa ya usingizi, nitakuwa macho nikiwasikia wakiongea. Sasa kaa chini kwanza, ndiyo nikusalimie.

Hamjambo huko nyumbani, dada yangu? Mguu wa mama yetu unaendeleaje? Sisi hapa Shauri Moyo ni wazima, ila hilo nililotangulia kulisema. Usicheke herufi zangu kubwa kama viazi. Nafula amenipigia mistari minene ya wino mweusi ili nisipotee. Angeweza kuniandikia, na unajua mwandiko wa mwanangu: kule chuo cha ualimu waliubandika ukutani wengine waige. Lakini nimekataa. Barua ya dada yangu naiandika mwenyewe.

Jicho hili lilinianza polepole, nikalificha. Unajua nauza vitabu vya mitumba sokoni Gikomba. Mbele ya gunia napanga vya picha, vingine nimevifunua kurasa, watoto wavutwe na rangi na mama zao wasimame. Nyuma naweka riwaya za mauaji na upelelezi. Vyote nimevisoma, Nekesa, vya mbele na vya nyuma, mimi niliyeachia darasa la sita! Makarani wa ofisini huja kuniuliza, "Mama Nafula, hiki kinatisha?" Nawaambia kinaanza kutisha ukurasa gani. Muuaji simtaji ng'o.

Shida ni kwamba kila kitabu nakivisha karatasi ya kaki kisishike vumbi, kisha naandika jina juu kwa kalamu. Mama mchungaji akaja kutaka hadithi za Biblia zenye picha, za watoto wa kanisani. Nikasoma jina kwa kubahatisha, nikampa. Jumapili akanijia pale nje ya kanisa, kitabu mkononi, kaki imetolewa.

"Mama Nafula, huyu bwana mwenye kisu aliyesimama juu ya maiti, ni nabii yupi?"

Watu walicheka wakashika mbavu. Nami nikacheka kuwashinda wote. Na kuna karani aliyetaka mauaji akaenda zake na safina ya Nuhu, twiga wawili wakichungulia dirishani. Nilipofika nyumbani nikafunga mlango nikalia.

Kuna kitabu kimoja cha picha nisichokiuza. Ndani yake kuna kuku mwekundu na vifaranga saba. Tangu siku ile nikawa nawahesabu kila asubuhi pale mlangoni penye mwanga. Mwanzoni niliwaona saba. Mvua zilipoanza, wanne. Siku hizi naona rangi tu, kama ugali wa mahindi ya njano uliomwagika.

Nafula alipokuja likizo akanikuta hapo mlangoni. Akakichukua kitabu, akafungua, akanirudishia.

"Mama, vifaranga ni wangapi?"

"Si saba? Kwani wewe hujui kuhesabu?"

"Mama, huu ni ukurasa wa mamba."

Hakucheka. Kesho yake akanishika mkono hadi hospitali kama mimi ndiye mtoto. Daktari akaangalia kwa kurunzi akasema ni mtoto wa jicho, na la kushoto nalo linafuata, nisingoje zaidi.

Tangu hapo Nafula hunisomea riwaya ya mauaji jioni, chai ikichemka. Anasoma vizuri mpaka nasikia viatu vya muuaji chumbani mwangu. Tuko kwa mwanamke aliyejificha nyuma ya pazia. Viatu vikasimama. Mkono ukashika pazia. Sura ikaishia hapo, imebaki moja tu.

"Funga!" nikapiga kelele.

"Mama, kurasa nane tu. Tumalize tujue."

"Funga nimesema. Hizo nitajisomea mwenyewe."

Mama Halima, jirani yetu wa mlango wa pili, alisikia akaja na kikombe chake. "Weye shoga yangu, umezika maiti wangapi humo vitabuni? Leo sindano ndiyo ikutoe jasho?"

Nikamwambia, "Hofu ya vitabuni ikinizidi nafunga kitabu. Hii nitaifunga vipi?"

Akaweka kikombe chini. Akasema ataniletea uji kila siku, hata nikikataa.

Naogopa, Nekesa. Kwa wengine nasema napumzisha macho, lakini kwako siwezi kudanganya. Namuuliza Nafula swali lilelile kila siku, na kila siku ananijibu kama ni mara ya kwanza. Je, wakifungua bandeji nikaona njano tu? Mwakani mwanangu atasimama mbele ya darasa lake, mwalimu kamili, nami nitakuwa pale nikiuliza ni yupi?

Mwambie mama aniombee kwa sauti, si moyoni. Msalimie shemeji, mwambie redio yake aliyoniachia nitaitengenezesha. Msalimie Wanjala, kitinda mimba wetu, aache kujifanya ana kazi nyingi, naye aje.

Bandeji itatolewa Jumamosi asubuhi, halafu Nafula anilete nyumbani. Nataka niwakute mmejaa humu ndani. Nitahesabu vifaranga, niwahesabu na ninyi, kisha niwasomee kurasa nane za mwisho kwa mdomo wangu. Nikishindwa, Nafula atasoma, lakini lile pazia lisifunguliwe kabla mmoja wenu hajanishika mkono.

Ni mimi mdogo wako, Mama Nafula, ninayewangoja nyote Jumamosi ya wiki hiyohiyo ya upasuaji, saa nne asubuhi.