Kwako, Mwalimu "Itaishia Wapi"

Ni mwaka mmoja sasa tangu utoke na kibegi chako cha hospitali, ukaniambia nisiweke komeo mlangoni kwa kuwa ungerudi jioni. Hukurudi. Watoto wameniachia mimi nikuandikie kwa niaba ya wote, eti Mama ndiye mwenye maneno. Wangejua nyumba hii ilivyo kimya siku hizi, wasingesema hivyo.

Uliwafundisha wanafunzi wa uhandisi maisha yako yote. Wenzako waliwafundisha kujenga daraja lisianguke na mashine isizime. Wewe uliwafundisha kuuliza kitu kimechimbwa wapi, kimekula moto na maji kiasi gani, nani amevuta moshi wake, na kikichakaa kitatupwa mlangoni kwa nani. Swali lako lilikuwa hilohilo kila siku, "Itaishia wapi?", nao wakakubandika jina. Mbele yao ulijifanya umekasirika. Ukifika nyumbani ulinisimulia ukicheka mpaka unapaliwa.

Tunakumbuka ulivyowapeleka jalalani kila mwaka na mabuti yako ya mpira, wakaone kazi za wahandisi waliowatangulia zikioza, na nyingine zikigoma kuoza. Kijana mmoja alikuuliza, "Mwalimu, si tungeangalia picha tu darasani?" Ukamjibu, "Picha hainuki."

Halafu ule mwaka uliowapa wanafunzi kazi ya kupima madhara ya somo lako mwenyewe! Walipima karatasi, taa, viyoyozi, hawakuacha kitu. Wakakuta kinachochafua kuliko vyote ni lile basi bovu la kuwapeleka jalalani kujifunza habari za uchafu. Mkuki kwa nguruwe. Ulijikuna kidevu, ukasema, "Haya, wiki ijayo tunakwenda kwa miguu." Ulirudi na malengelenge nyayo zote mbili, umefurahi kama mtu aliyepandishwa cheo. Nilikukanda miguu huku nakucheka, nawe ukaniambia muuguzi mzima kama mimi sina huruma.

Nyumbani nako hatukupona. Hakuna kilichotupwa kabla ya kujadiliwa mezani. Kitindamimba wetu aliwahi kuitetea feni iliyokufa mpaka ukaishiwa hoja, na feni ikabaki. Iko sebuleni hadi leo, haipepei hata nzi.

Sasa nikwambie linalonikaa rohoni. Binti yetu mkubwa anataka nihamie kwake. "Mama, nyumba yote hiyo unakaa na nani?" Kila akipiga simu, ni hilo. Ananipenda, najua. Na upweke ninao, mume wangu, sitakuficha. Jioni ndiyo mbaya. Nawasha redio bila hata kuisikiliza, ilimradi pawe na mtu anaongea. Lakini kila nikifikiria kufunga mizigo, naona kama nakuacha wewe humu ndani peke yako.

Juzi alikuja yule mwanafunzi wako uliyemwita Bi Lakini, kwa kuwa hakuwahi kukubali jambo bila kukupinga kwanza. Siku hizi ndiye anayefundisha somo lako. Nikamwambia, "Mwanangu, nipimie nyumba hii kama alivyowafundisha." Akakataa. Nikamng'ang'ania, unanijua. Tukakaa mezani tukaanza: mtu mmoja, vyumba vinne, friji ya kulisha watu sita, pampu ya maji, paa linalodai mabati mapya. Akajumlisha, akajumlisha, mara akaweka kalamu chini.

"Mama, jibu limeshatoka."

"Najua. Sema."

"Mwalimu angekwambia uende."

"Na leo hunipingi?"

Akainamisha kichwa. "Leo sina 'lakini', Mama."

Tukalia wote wawili, mimi na yeye, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Ulikuwa ukiwaambia kwamba kupima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuamua, na aliyeamua ndiye atakayeishi na uamuzi wake. Basi nimeamua. Mwisho wa mwezi nahama. Atakaa humu mpwa wako na mkewe na kundi lao la watoto. Wataijaza nyumba, taa moja itamulika watu saba, na wewe ungepiga makofi. Mimi sipigi. Nitakwenda kwa sababu ulikuwa sahihi, na nina hasira kidogo kwamba hata ulipo sasa bado uko sahihi.

Asubuhi hii nimechemsha chai. Sheria yako ya jikoni ilikuwa birika halijazwi, maji yanapimwa kwa vikombe vya wanywaji, si tone zaidi. Mwaka mzima huu nimekuwa nikipima vikombe viwili. Nakunywa kimoja. Cha pili kinapoa hapo mezani, nikiondoka nakimwaga. Ni upotevu, ungenisema mpaka basi, lakini ndio upotevu pekee nilioupenda maishani mwangu. Kwa binti yetu jikoni si kwangu. Watapima wao. Na mimi watanipimia kimoja.

Unakumbukwa na mimi mkeo, binti yako mkubwa na mumewe, mwanao wa kati aliye masomoni, kitindamimba wako, dada yako, mpwa wako na familia yake, wajukuu wanaokuita Babu Mabuti, na wanafunzi wako wote, wanaokupinga na wasiokupinga.

Daima tutakukumbuka, popote tutakapoamkia.