Paneli Zenye Alama Yangu

Kisangani, komini Tshopo

Yaya Paluku, kaka yangu,

Jumatatu ya Pasaka, mchana, ulipanda juu ya bati la Mama ukaondoa paneli mbili za jua, ukatoa na betri chini ya kitanda chake, na tangu siku hiyo Mama anaishi gizani. Naliandika hili kabla ya salamu ili usiseme hukulifikia. Nakujua, barua ndefu huwa unasoma mwanzo na mwisho tu.

Sasa salamu. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Butembo? Watoto wamerudi darasani, ama shule bado imejaa watu waliokimbia vita? Mimi nipo. Malaria ilinilaza wiki mbili ikaniacha. Biashara inachechemea: barabara ikifungwa, lori zinalala porini zikingoja wanajeshi wa kuzisindikiza, na vitenge vinanifikia vimeloa. Wanawake wa Yanonge na Isangi wanaokuja mtoni kwa pirogi, mitumbwi yao, kununua kwangu wananiuliza siku hizi ninauza vitenge ama dhahabu. Na umeme, usiulize. Ninalala karibu na bwawa la umeme, watu wakinyamaza nasikia maji ya Tshopo yakianguka, na bado napanga vitu dukani kwa mshumaa. Kwa hiyo giza usinifundishe. Ndiyo sababu nilimtoa Mama humo.

Unakumbuka nilivyomtoa? Mwaka jana nilikuja huko Butembo kununua bidhaa, vita vilikuwa bado mbali kidogo. Paneli mbili, dola mia na kumi kila moja, ni mia mbili ishirini. Betri mia mbili arobaini. Regilatere, kile kisanduku kinacholinda betri, arobaini na tano. Waya, swichi na balbu, thelathini na nane. Vyuma vya kushikia paneli juu ya bati, ishirini na tano. Fundi, arobaini. Jumla dola mia sita na nane. Wewe ulitoa soda mbili, moja ya fundi, moja ukanywa mwenyewe. Ile pesa sikuiokota. Baba alipokufa karo ilitosha mtoto mmoja, ukasoma wewe, mimi nikaja huku na vitenge vinne vya mkopo. Mia sita na nane ni robota zima la vitenge ambalo sikulinunua mwaka ule.

Tulipotoka kununua, paneli zililala usiku mmoja kwenye depo pamoja na mizigo ya wafanyabiashara wengine. Nikafanya kama ninavyofanya kwa kila robota langu: nikazipiga alama kwa rangi nyekundu, mistari mitatu na msalaba mdogo, ubavuni kwenye fremu. Ulicheka. «Kavira, hata jua unalipiga alama?» Ulicheka kwa sababu hujawahi kupakia mzigo barabara hii. Huku, lori likipinduka, mashofa hawaulizi jina, wanaangalia alama. Mwenye alama ndiye mwenye mzigo, na mzigo ukimharibia mtu kitu, mwenye alama ndiye anayelipa.

Basi wiki iliyopita shofa Mumbere, yule anayeniletea vitenge, aliingia dukani hajavua hata kofia yenye vumbi. Nikadhani ameleta mzigo.

«Hapana, Mama Kavira. Leo sikuleta kitu. Nilikuja kudai.»

«Kudai nini?»

«Telefoni yangu. Iliungulia ku kyoske yako.»

«Mumbere, umekunywa nini asubuhi hii? Mimi sina kyoske.»

«Bon, iko ya nani? Ile ya Butembo, kando ya parkingi ya malori, kwenye banachaji matelefoni. Alama yako iko pale juu, nyekundu, nilisoma na macho yangu. Nikajisemea, kumbe mama amepanua kazi, hongera, felisitasyo! Nikaacha telefoni. Kurudi, iko moto kama kikwanga ya muhogo ya kutoka kwa chungu.»

«Na uliyemwachia ni nani?»

«Yaya yako, Paluku. Nilimwambia anilipe, akasema, “Mimi hapa nasaidia tu. Mwenyewe iko Kisangani.”»

Mwanamke wa Isangi aliyekuwa anachagua kitenge alicheka hadi akaketi juu ya robota. «Mama Kavira, kaka yako ana heshima! Faida anakula yeye, hasara anakutumia wewe!»

Yaya, miezi minne umefanya kazi pale, na neno la kweli umelisema siku moja tu, siku ya kukimbia deni.

Nilimlipa Mumbere faranga elfu kumi na mbili, mbele ya yule mwanamke na mashofa wawili waliokuwa nje. Alama ni yangu, nililipa. Shika hilo vizuri, nitalirudia.

Jioni nikampigia Mama. Sikumwambia kitu. Nikauliza tu, «Mama, taa inawaka?»

«Inawaka, mwanangu. Mungu akubariki.»

«Bonyeza swichi nisikie.»

Nikasikia swichi, tak.

«Imewaka?»

«Imewaka, mwanangu.»

Halafu nyuma yake nikasikia sauti ya mama mdogo, yule aliyekimbia vita kutoka upande wa Lubero akaja kwa Mama na watoto wake: «Mama Paluku, ngoja nikushikie tochi, utaanguka tena.»

Tena! Ndivyo nilivyojua kwamba alikwisha kuanguka. Hapo yuniti zikaisha. Watu wote wanamwita kwa jina lako, na jina hilo analilinda hata kwa kubonyeza swichi isiyo na umeme. Ningeweza kukusamehe paneli. Kumfanya Mama anidanganye, hapana.

Nilipokupigia wewe, ulikubali kwamba ulizitoa Jumatatu ya Pasaka, kisha ukanipa sababu mbili. Ya kwanza ni vita: eti nyumba yenye taa inaita watu wenye silaha. Sikatai, woga wa siku hizi si aibu. Lakini mtu anayeogopa anaficha. Wewe ulizitoa kwenye nyumba ya uani, nyuma ya ua wa mianzi, ukazipandisha kando ya parkingi ya malori, na spika ya muziki juu yake. Huo ni woga wa aina gani?

Ya pili ulisema ukijivuta kama mzee wa ukoo: kilichofungwa kwenye bati ni cha nyumba, na nyumba ya Baba ni ya mtoto wa kwanza. Vizuri. Basi siku telefoni ya Mumbere ilipoungua, mbona zile paneli hazikuwa za mtoto wa kwanza? Ulikuwa na nafasi ya kusema «ni zangu» na kulipa elfu kumi na mbili. Hukusema. Nililipa mimi, na tangu siku hiyo hakuna shofa kati ya Butembo na Kisangani asiyejua ni za nani.

Najua vita vimekula kazi yako ya kununua kahawa. Najua watoto wanataka kula. Usidhani nimekaa huku kwenye joto nimesahau. Lakini tufanye hesabu. Mumbere anasema ubao wako una nafasi thelathini za kuchaji na unajaa kila siku. Kwa faranga mia tano kila telefoni, ni elfu kumi na tano. Siku ishirini na sita kwa mwezi, maana Jumapili unafunga, wewe ni mkristo. Ni laki tatu na elfu tisini. Miezi minne, milioni moja, laki tano na elfu sitini. Kwa bei ya mtaani ya elfu mbili na mia sita, ni dola mia sita. Umeshazizalisha pesa zangu zote, zimebaki nane. Vita vimepandisha paneli hadi mia na sitini, na hata kwa bei hiyo ungenunua zako tatu na chenji ikabaki. Sikudai hizo mia sita. Lishe watoto, nunua paneli zako, piga alama yako. Mimi ninataka taa ya Mama.

Msalimie shemeji, mke wako, ambaye najua alikukataza, kwa hiyo usimgombeze. Msalimie mama mdogo, mwambie asante kwa tochi. Msalimie fundi aliyefunga waya zile, na umwambie ajiandae kuzifunga tena. Mama usimsomee barua hii. Mwambie tu Kavira anamsalimu na hana hasira naye.

Aliyekupa barua hii ni Mumbere mwenyewe. Atapakia vitunguu na maharage hapo Butembo, Ijumaa ataenda misa ya kwanza, na ataondoka jioni. Mfukoni ana ufunguo namba kumi, ule wa nati za fremu. Nimemnunulia mimi. Ngazi ataazima kwa mashofa wenzake.

Swali langu ni moja: paneli na betri vitarudi kwa Mama kwa mikono yako, ndiyo ama hapana? «Tutaona» sipokei. Mpe Mumbere jibu kabla hajatoka misa hiyo ya Ijumaa. Ukinyamaza nitahesabu ni hapana, na atapanda kufungua paneli zenye alama yangu mchana, mbele ya wateja wako wote thelathini.

Ni mimi mdogo wako,
Kavira